Aliyemfundisha Jack Daniel kupika whisky alikuwa mtumwa, na jina lake ni Nearest Green

Mzee wa Kirumba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kabla sijaja huku Marekani nilisimama kaunta Mwanza miaka sita. Chupa niliyoulizwa habari zake kuliko zote ni ile ya mraba yenye nembo nyeusi, Jack Daniel's. Maswali yalikuwa mawili, kila wikiendi yaleyale. La kwanza: hiyo namba saba ina maana gani? La pili lilikuja baadaye, simu janja zilipoenea: ni kweli huyo Jack alimwibia ujuzi mtumwa wake? Nilikuwa namimina, natabasamu, jibu sina.

Sasa hivi naishi Nashville, jimbo la Tennessee. Kutoka hapa mpaka Lynchburg, mji mdogo ambako whisky hiyo inapikwa, ni kama kilomita 120. Nimekwenda mara tatu. Nimesoma na nimeuliza wenyeji. Naandika kwa sababu habari inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ina ukweli nusu, na ile nusu nyingine inamdhulumu mtu ambaye tayari alishadhulumiwa vya kutosha.

Mtu huyo ni Nathan Green. Waliomjua walimwita Nearest, na uzeeni wakamwita Uncle Nearest, Mjomba Nearest. Alizaliwa karibu na mwaka 1820, inasemekana huko Maryland, katika utumwa. Miaka ya 1850 alikuwa katika vilima vya kusini mwa Tennessee, akimilikiwa na kampuni iliyoitwa Landis & Green. Kampuni hiyo ilimkodisha, kama mtu anavyokodisha trekta: jasho lake, malipo ya wenye mali. Aliyemkodi alikuwa Dan Call, mwenye shamba na duka, na juu ya hayo mhubiri wa Kilutheri. Call alikuwa na mtambo wa kukeneka pombe shambani kwake, na aliyeuendesha ni Nearest.

Hapo ndipo Jack anapoingia. Jasper Newton Daniel, mtoto wa mwisho katika familia kubwa. Jiwe la kaburi lake linasema alizaliwa 1850. Mama yake alifariki Jack angali mchanga, baba akaoa tena, nyumba ikamshinda. Akaondoka akiwa mvulana mdogo, akapokewa kwa Call kama kijana wa kazi. Kufagia, kulisha nguruwe, kubeba maji. Ila macho yake yalikuwa kule bondeni kwenye moshi, akitaka kujua kuna nini.

Sasa wakuu, hapa msome taratibu. Katika kitabu cha maisha ya Jack kilichochapishwa 1967 imeandikwa bayana kwamba Call alimchukua yule mvulana mpaka kwa Nearest, akamtambulisha kuwa huyu ndiye mpishi bora wa whisky anayemjua, kisha akamwomba Nearest amfundishe. Kwa hiyo Jack hakuchungulia dirishani akaiba. Aliwekwa chini, akafundishwa, na mwalimu alikuwa mtu mweusi aliyekuwa bado hana haki hata ya malipo ya jasho lake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1865, utumwa ukafutwa. Jack akawa na mtambo wake mwenyewe, na mtu wa kwanza aliyempa ukuu wa upishi ni Nearest Green, safari hii kama mtu huru anayelipwa. Mtumwa wa Jack hakuwahi kuwa. Utumwa unafutwa, Jack ni kijana wa miaka kama kumi na mitano, hana shamba wala nyumba.

Ngoja nile kwanza, naendelea.

Mzee wa Kirumba

Nimerudi. Tuzungumzie kazi yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kujua Nearest alimpa yule kijana kitu gani.

Waliokulia kijijini wanajua gongo inavyopikwa. Kwetu kulikuwa na mama jirani, pipa lake jikoni nyuma ya migomba, mrija wa shaba unapita kwenye beseni la maji baridi, na kule mwishoni chupa inapokea tone, tone, tone. Tulikuwa tunatumwa kubadilisha maji ya beseni yakipata moto. Nilipoingia mara ya kwanza kwenye kile kiwanda cha Lynchburg, mitambo ya shaba mirefu kama minara, harufu iliyonipokea mlangoni ilikuwa ileile ya nyuma ya migomba: uji wa mahindi uliochachuka. Nilisimama mpaka mwongozaji akaniuliza kama niko salama.

Nafaka zao ni mahindi asilimia 80, kimea cha shayiri asilimia 12, na asilimia 8 ni rai, nafaka jamaa ya ngano. Kimea mnakijua, ndicho hichohicho cha kwenye togwa. Wanapika uji, wanautia hamira, na katika kila mpiko mpya wanachanganya masalia ya mpiko uliotangulia, kama mama anavyobakiza chachu ya jana ili ya leo itoke na ladha ileile. Ukishachacha, unakenekwa.

Mpaka hapo ni gongo safi tu. Kinachoifanya kuwa whisky ya Tennessee ni mkaa. Wanachukua mbao za mepo, ule mti unaotoa sharubati, wanazipanga kwa kupishanisha mpaka zinakuwa rundo refu kuliko mtu, wanazimwagia pombe mbichi yenyewe na kuziwasha. Moto unapanda juu, mtu amesimama pembeni na mpira wa maji. Anaunyunyizia kwa kipimo ili mti uwe mkaa usiwe majivu. Akichelewa kidogo kazi imeharibika. Mkaa unasagwa punje ndogondogo kama maharage, unashindiliwa ndani ya matangi yenye kina cha mita tatu, na pombe mbichi inaachwa ipenye humo tone kwa tone kwa siku kadhaa. Inaingia ikiwa kali inayokwaruza koo, inatoka laini. Halafu ndiyo inaingia kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa kwa ndani, na rangi yote ile ya kahawia mnayoiona inatoka kwenye mti. Inaingia pipani nyeupe kama maji.

Ujuzi wa hivi haupatikani kwa kusoma. Lini moto uzimwe, matone ya kwanza yamwagwe kiasi gani, mkaa umechoka lini: unakaa na mtu, unaangalia mikono yake, unakosea, anakusahihisha. Hicho ndicho Jack alichopewa.

Na maji. Kiwanda kiko kwenye pango linalotoa chemchemi, maji yake mwaka mzima yana nyuzijoto 13 na yamechujwa na mawe ya chokaa mpaka hayana chuma. Chuma kingeiharibu whisky rangi na ladha. Jack alipohamia hapo pangoni Nearest hakuhama naye, lakini wanawe walikwenda, George na Eli kati yao. Kuanzia hapo ukoo wa Green haujakatika kiwandani, vizazi saba sasa.

Msafiri wa Nakuru

Asante ndugu kwa kutuelimisha. Na hiyo namba saba sasa? Usituache hapo.

Mzee wa Kirumba

Namba saba nilikuwa nakuja nayo mkuu.

Ukimuuliza mwongozaji kiwandani atakwambia ni siri aliyozikwa nayo Jack. Kuna za wapenzi saba, za mapipa saba yaliyopotea yakapatikana, na kadhalika. Maelezo yenye mashiko ni ya ofisini: serikali ilikuwa inavipa viwanda namba kwa ajili ya kodi, na cha Jack kilikuwa namba 7 katika wilaya ya nne. Wilaya za kodi zilipopangwa upya akapewa namba nyingine, 16 katika wilaya ya tano. Wateja walikuwa wameshaizoea 7, akaona akibadilisha watadhani ni kitu kingine. Akaandika Old No. 7, yaani Namba 7 ile ya zamani. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo aliyehamishwa fremu anaelewa: unabandika karatasi "duka lile lile".

Mwaka 1866 ulioandikwa kwenye nembo ndio ambao kampuni inauhesabu kuwa wa kuanzishwa. Mwandishi mmoja aliyepekua kumbukumbu za kodi alikuta usajili wa 1875, Jack akiwa bado mshirika wa Call. Chupa ya mraba ilianza 1895, kabla ya hapo whisky iliuzwa kwenye magudulia ya udongo. Mwaka 1904 ikapata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, na hapo ndipo jina lilipotoka nje ya Tennessee kwelikweli.

Binti Pangani

Kaka, mimi sinywi na sitakunywa, ila nimesoma mpaka mwisho na moyo umeniuma. Kwetu Pangani zamani kulikuwa na mashamba ya miwa, sukari inapikwa na watumwa. Majina ya wenye mashamba wazee wanayataja mpaka leo. Majina ya waliokuwa wanasimama mbele ya yale masufuria hayajulikani. Swali langu: kama kitabu cha 1967 kilimtaja huyo Nearest, ilikuwaje dunia isimjue mpaka juzi?

Mzee wa Kirumba

Dada, hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Jack mwenyewe hakumficha. Ndani ya Lynchburg watu walijua, wa pande zote mbili. Kuna picha ya miaka ya mwanzo ya 1900, Jack na wafanyakazi wake. Jack amekaa, kofia nyeupe, masharubu, mtu mfupi ambaye utamdharau usipoambiwa ndiye mwenye mali. Upande wake wa kulia, bega kwa bega, amekaa mtu mweusi. Hakuwekwa nyuma na waliosimama, yuko mbele, kwenye nafasi ya heshima. Inaaminika ni George Green, mtoto wa Nearest. Kumbukeni ni Tennessee ya wakati ambao sheria za ubaguzi zilikuwa zimeshashika: gari moshi lina behewa la weusi, shule za weusi, makaburi ya weusi. Bosi kukaa bega moja na mtu mweusi mbele ya kamera si jambo lililotokea kwa bahati mbaya.

Kunyamaza kulikuja baada yake. Jack hakuoa wala hakuacha mtoto. Mwaka 1907 aliwakabidhi kiwanda jamaa zake, na aliyebaki nacho ni mpwa wake, Lem Motlow. Jack akafariki Oktoba 1911. Tennessee ikapiga marufuku utengenezaji wa pombe mapema hata kuliko nchi nzima, kiwanda cha Lynchburg kikafungwa tangu 1910 na hakikupika tena hapo mpaka 1938. Miaka 28 mitambo imelala. Waliokumbuka habari za bondeni kwa Call walikuwa wanakufa mmoja mmoja.

Motlow alifariki 1947. Mwaka 1956 watoto wake wakauza kwa Brown-Forman, kampuni ya Louisville huko Kentucky, kwa dola milioni 20. Sasa whisky ikawa inauzwa kwa hadithi: mji mdogo, wazee wa ovaroli wanachonga vijiti kwenye baraza, mvulana yatima na mchungaji mwema aliyemfundisha kazi. Mchungaji akabaki kwenye hadithi. Mtu aliyefanya ufundishaji akatolewa. Kitabu kilikuwapo, ila kitabu kiko kabatini, na mabasi ya wageni yanasikiliza mwongozaji.

Ilipofika 2016, kampuni ikiadhimisha miaka 150, ndipo gazeti la New York Times lilipoandika habari ya Nearest na kampuni yenyewe ikaanza kumsimulia. Mama mmoja Mmarekani mweusi, Fawn Weaver, aliisoma akiwa safarini Singapore. Hakuishia kuisoma. Alikwenda Lynchburg, akawatafuta wajukuu na vitukuu wa Nearest, akakusanya maelfu ya nyaraka, na akalinunua lile shamba la Dan Call lenyewe. Mwaka 2017 Brown-Forman wakamtambua rasmi Nearest Green kuwa mpishi mkuu wa kwanza wa Jack Daniel's. Sasa ukienda, jina lake limeandikwa mbele kabisa kwenye orodha ya wapishi wakuu.

Umenigusa na habari ya masufuria ya Pangani. Tofauti ya Nearest na hao ndugu zetu ni kwamba mwanafunzi wake alimtaja kwa jina, na wanawe wakabaki mahali pale.

Msafiri wa Nakuru

Ndugu, nakuheshimu, lakini hapa unamwosha Jack. Kama ujuzi ni wa Nearest, mbona jina kwenye chupa ni la Jack, na zile dola milioni 20 zikaenda kwa akina Motlow? Akina Green walipata nini? Kupigwa picha?

Mzee wa Kirumba

Haki yako kuuliza, na sitakujibu kwa maneno matamu.

Mali haikwenda kwa akina Green. Wao walibaki wafanyakazi, wanalipwa mishahara, na jengo ni la mwingine. Mtaji, ardhi, leseni na mkopo vilikuwa upande wa mzungu, na mtu mweusi wa 1866 angepata shida kubwa kuuza gudulia lenye jina lake. Kwa hiyo ndiyo, dhuluma ipo, na ilianza kabla Jack hajazaliwa, pale mtu alipomilikiwa na kampuni na kukodishwa.

Ninachokataa ni neno "aliiba". Likisemwa hivyo, Nearest anageuka mtu wa kuibiwa tu, mtu aliyelala. Alikuwa mwalimu. Alichagua kumfundisha vizuri kijana yatima ambaye si wa kabila lake wala wa rangi yake, na alipokuwa huru akabaki kuwa mkuu wa kazi, akaleta na wanawe. Mimi naona heshima yake iko hapo, na siko tayari kumpokonya ili tu nimpige Jack.

Kuhusu jina kwenye chupa: lipo sasa. Fawn Weaver alianzisha whisky inayoitwa Uncle Nearest mwaka 2017, na kiwanda chake kikafunguliwa Shelbyville mwaka 2019. Aliyeshika kazi ya kuchanganya na kuonja ni Victoria Eady Butler, kilembwe wa Nearest mwenyewe, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ya kuchambua taarifa za uhalifu kwa zaidi ya miaka 30. Mwanamke wa kwanza mweusi Marekani kushika nafasi hiyo. Mambo hayajawa mteremko: Agosti 2025 mahakama ya shirikisho ilimteua msimamizi wa mali za kampuni kutokana na mgogoro wa deni na taasisi iliyowakopesha. Nimeliandika ili mtu asije akasema nimeficha.

Fundi Mapipa

Mzee wa Kirumba, mawili ya haraka. Hii ni bourbon (ile whisky ya Marekani ya mahindi) au si bourbon? Na ile ya Jack kufa kwa kupiga teke sefu?

Mzee wa Kirumba

Kwa masharti ya nafaka na mapipa mapya ingeweza kuitwa bourbon, wao wenyewe hawataki. Wanasema ule mkaa unaitenga, na tangu 2013 sheria ya jimbo inataka whisky ya Tennessee ipitishwe kwenye mkaa wa mepo (kiwanda kimoja kidogo kimesamehewa).

Sefu ipo, nimeiona, kwenye ofisi ndogo ya mbao. Inasimuliwa kwamba alifika asubuhi, akasahau namba za kufungulia, akaipiga teke kwa hasira, kidole kikaumia, damu ikaoza, akafa. Mwandishi aliyepekua kumbukumbu zake hakuikubali. Kilichomuua ni sumu kwenye damu, hilo halina ubishi, ila sefu ni ya watalii.

Na la tatu hukuuliza: kaunti ya Moore, ndimo ilimo Lynchburg, ni kaunti "kavu", yaani uuzaji wa pombe umebanwa, tangu enzi za marufuku. Duka la kiwandani linauza chupa kwa ruhusa maalumu.

Binti Pangani

Kaka, hilo la mkaa. Mkaa wa kuchujia ni wa kwetu Afrika?

Mzee wa Kirumba

Wanabishana dada. Hadithi ya zamani inampa sifa mzungu mmoja, Alfred Eaton, wa mwaka 1825. Fawn Weaver na wenzake wanasema Waafrika Magharibi walikuwa wakisafisha maji kwa mkaa, na watumwa ndio walioileta desturi hiyo Tennessee. Karatasi ya kumaliza ubishi haijawekwa mezani. Lakini fikiria nani alikuwa anachoma mkaa kwenye mashamba yale, nani alikuwa anaubeba, nani alikuwa amesimama kwenye joto la mtambo saa nane usiku. Majina ya kwenye vibali ni ya wenye mashamba, kama hukohuko kwenu.

Mwezi ujao napita Shelbyville tena, iko njiani kwenda Lynchburg. Mwenye swali la kuwauliza watu wa pale aliweke hapa, nitalibeba.